Masta ya kufundisha Kiingereza: mshahara ni ule ule, ila darasa sio lile lile

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Tukuyu kwenye msiba, na baada ya maziko tukakaa walimu wa zamani na wa sasa chini ya migomba, ikaibuka ishu ya madamu mmoja anayefundisha Kiingereza sekondari ya kata huko Rungwe. Ana miaka minane kazini. Anataka kuomba nafasi akasome masta ya ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Wazee wawili pale wakamkatalia wazi wazi. Mmoja akasema mwanangu, utarudi mshahara ni ule ule na madeni juu. Mwingine akasema kama ni Kiingereza basi achukue kile cheti cha mwezi mmoja, aende Uarabuni au afundishe onlaini alipwe kwa dola. Madamu hakujibu kitu, aliendelea kumenya ndizi tu.

Mimi nilimwambia aende. Lakini nikiwa kwenye Kosta narudi Mbeya, ukungu umefunga pale Isyonje, nikaona sijawatendea haki wale wazee, maana hoja zao zina uzito na hazijatoka hewani.

Tuanze na pesa. Mwalimu aliyesoma digrii kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe, na wengi wetu hatujamaliza. Juu ya hapo weka ada ya masta, nauli, vitabu, watoto wanaosoma, na mama kijijini anayesubiri mbolea ya mahindi. Halafu kuna ruhusa ya mwajiri, unaandika barua inazunguka mezani kwa watu hata miezi. Na ukishamaliza hakuna anayekuita kukupandisha cheo papo hapo, nimeshuhudia wenzangu wamerudi na vyeti wakapewa vipindi vile vile na mikondo ile ile. Mzee anayemwambia binti asubiri hamchukii, anamwonea huruma.

Sasa hicho cheti cha mwezi mmoja. Kinachojulikana zaidi ni CELTA cha Cambridge, masaa yasiyopungua 120 ya mafunzo, na ndani yake masaa 6 ya kufundisha darasa la kweli huku unaangaliwa. Hayo masaa 6 nimeyawaza sana. Vipindi vyetu ni dakika 40, kwa hiyo masaa 6 ni vipindi 9, yaani madamu anavimaliza Jumatatu na Jumanne. Nikiri kitu kimoja, kile cheti kina uzuri wake, kila somo unalofundisha mkufunzi amekaa nyuma anaandika na mkitoka mnajadili, wakati sisi tulipokuwa fildi mkaguzi alikuja mara moja au mbili akasaini akaondoka. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika chaki ni kitu kikubwa. Lakini kilianza kama cheti cha kufundisha watu wazima, vikundi vidogo, wenye hamu na wamelipa wenyewe. Kinakufundisha mbinu, hakikupi nafasi ya kukaa ukauliza kwa nini mtoto wa Masoko, huku Rungwe, anakosea hivi na sio vile.

Na hii habari ya kwenda nje nayo ielezwe vizuri, vijana wanauza mashamba kwa ajili yake. Korea Kusini kwa mfano, viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida inatolewa kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ailandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Pasi ya Tanzania haimo, uwe na cheti gani. Marekani nako, shule za serikali zinataka leseni ya jimbo husika, na kuna masta zinazokuja na leseni na zingine hazina, unaweza kumaliza ya aina ya pili na bado usiruhusiwe kushika darasa la shule ya serikali. New York mwalimu anaanza na cheti cha awali halafu anatakiwa awe na masta ndani ya miaka 5. Kwa wenzetu masta ni sehemu ya ngazi yenyewe. Kwetu ngazi hiyo haipo, na hapo ndipo wale wazee wana pointi kabisa.

Ila kuna kitu hakikusemwa pale msibani, na ndicho kilichonifanya niandike.

Miaka yangu ya mwanzo ya ualimu nilikuwa na kijana wa Fom Wani, mpole, anakaa dirishani. Siku moja nimefika kwake namuuliza, "Haven't you brought your book?" Akajibu, "Yes, sir." Nikasema haya, litoe. Akaniangalia tu. Nikarudia swali, akarudia "Yes, sir," darasa likaanza kucheka, mimi nikaona ananidharau nikamtoa nje akapiga magoti mpaka kipindi kiishe. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya rasharasha ya huku kwetu.

Miaka mingi baadaye nasoma masta yangu, kwa masafa, usiku, ndio nikakutana na ile siku. Kwa Kiswahili mtu akikuuliza "hujaleta kitabu?" na kweli hujaleta, unajibu "ndiyo", maana unakubaliana na alichosema. Kiingereza kinataka "no". Yule mtoto alikuwa ananijibu kwa adabu, kwa ukweli, kwa kanuni ya lugha aliyokuwa nayo kichwani. Mwenye kosa la lugha pale alikuwa ni mimi. Digrii yangu ilinifundisha tensi zote na riwaya na ushairi, hiki haikunifundisha.

Kuanzia hapo ndio nikaelewa kwa nini mwanaisimu Pit Corder mwaka 1967 alisema makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa anachojifunza, na mwenzake wa taaluma hiyo Larry Selinker mwaka 1972 akaelezea ile lugha ya katikati ambayo mwanafunzi anaijenga mwenyewe, si lugha ya kwao na si Kiingereza, ila ina kanuni zake. Mtoto akiandika "my mother he is a farmer", maticha wengi wanachora mstari mwekundu na kuandika "she" juu yake, mwaka mzima, na mwaka unaofuata. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa baba na mama, Kinyakyusa nacho hakitenganishi. Kalamu nyekundu hailijui hilo. Mwalimu anayelijua anaandaa zoezi la wiki mbili juu ya hilo tu, la kuongea, la kuelezea watu wa familia, kabla ya kusahihisha chochote.

Na hata jina la kozi, "lugha ya pili", kwa Rungwe halikai sawa. Kinyakyusa nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, Kiingereza ni ya tatu, na inamkuta mtoto Fom Wani akiwa na ile kozi ya wiki chache ya kujiandaa, baada ya hapo baiolojia, jiografia, fizikia vyote kwa Kiingereza. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, walikuja wakapima, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawajafika kiwango cha kusomea masomo mengine kwa Kiingereza. Ikaja miradi ya Waingereza na vitabu. Miaka 40 imepita na mtoto wa dirishani bado yupo.

Kuna watakaosema dawa ni kufundishia kwa Kiswahili, sio masta za Kiingereza. Nawaheshimu, na mimi niko karibu nao. Lakini hata Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetetea Kiswahili madarasani kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na walimu walioiva. Kwa hiyo ushinde upande wowote, yule madamu anahitajika. Na sasa kwa mtaala ulioanza Januari 2024 Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, yaani tatizo la nani anajua kukifundisha limeshuka mpaka kwa watoto wa miaka sita.

Kinachonisumbua kwa upande wangu mwenyewe ni kwamba wengi wakipata masta wanaondoka darasani. Wanaenda vyuoni, wanaenda miradi, na siwezi kuwalaumu. Kama halmashauri itamruhusu madamu akasome halafu ikamrudisha na vipindi 25 bila kumpa hata siku moja ya kukaa na walimu wenzake wa kata kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), basi yule mzee atakuwa amesema kweli. Hili ni la kudai kabla hajaondoka, liandikwe kwenye barua yenyewe ya ruhusa.

Nimeongea naye kwa simu juzi. Nilimpa njia nilizokuwa nazo: aulizie chuo cha elimu cha Mkwawa pale Iringa wana nini mwaka huu, Chuo Kikuu Huria kwa sababu anaweza kusoma huku anafundisha, na Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, kama anataka kusoma huko, maana inalipia masta ya mwaka mmoja, inataka masaa 2,800 ya kazi ambayo anayo mara nyingi, na inakutaka urudi nyumbani miaka 2. Chuo chochote cha nje, hata cha onlaini, aulize kwanza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama wanakitambua kabla hajatuma hata shilingi.

Akaniambia ameshaanza kitu. Anakusanya insha za Fom Wani, anaandika pembeni kila "he" iliyoangukia kwa mama na kila "yes" iliyotakiwa kuwa "no", kwenye daftari la kaunta. Akaniuliza kama hiyo inaweza kuwa utafiti. Nikamwambia madamu, hiyo tayari ni utafiti, usiitupe hiyo daftari.