Mwacheni manusura aseme, na ardhi nayo ichimbwe

Kuna tabia inaniuma sana. Mtu kanusurika mauaji ya halaiki, anasimulia, akikosea mwezi au idadi ya vyumba tu basi watu wanamrukia, "unaona, anadanganya". Mi naona huko ni kumdhulumu mara ya pili, na kilichonifanya niamini hivyo ni habari za Sobibor.

Sobibor ilikuwa kambi ya Wanazi mashariki mwa Poland, na haikuwa kambi ya kazi wala nini, ilijengwa kwa ajili ya kuua. Kati ya 1942 na 1943 waliuliwa pale Wayahudi kama 170,000, pengine na zaidi. Tarehe 14 Oktoba 1943 wafungwa wakaasi, wakatoroka karibu 300, ila waliofika mwisho wa vita wakiwa hai ni 50 hivi. Wanazi wakabomoa kambi, wakasawazisha na kupanda miti juu yake ili mtu akipita aone msitu tu.

Sasa hapa ndo penye jambo lenyewe. Vyumba vya gesi vilikuwa Kambi ya Tatu, sehemu iliyozungushiwa uzio wake peke yake, na katika wafungwa waliofanyishwa kazi mle ndani hakunusurika hata mmoja. Wale waliopona walikuwa upande mwingine, mafundi cherehani, maseremala, wachambuaji wa nguo za marehemu, wanaona watu wanaingizwa kwenye njia ya uzio na hawarudi. Kwa hiyo baadaye walipochora ramani kwa kumbukumbu zikapishana, na zingeachaje kupishana jamani, wakati hawakuruhusiwa kusogea huko!

Mwaka 2007 mwanaakiolojia wa Israeli, Yoram Haimi, ambaye wajomba zake wawili waliuawa hapohapo, akaanza kuchimba pamoja na Wojciech Mazurek wa Poland. Mwaka 2014 wakaikuta misingi ya vyumba vya gesi, matofali kabisa, chini ya lami ya uwanja wa kumbukumbu uliojengwa baada ya vita, yaani miaka yote ile watu wanakuja kuomboleza wanakanyaga juu yake bila kujua.

Miaka miwili baadaye, pale walipokuwa wakivuliwa nguo na kunyolewa nywele, kikapatikana kidani kidogo kimeandikwa "Mazal Tov", yaani hongera, kwa Kiebrania, na tarehe 3 Julai 1929, na Frankfurt. Kwa tarehe hiyo, ambayo ni ya kuzaliwa, wakampata mwenyewe, binti anaitwa Karoline Cohn, ambaye Novemba 1941 alisafirishwa kwenda Minsk, huko Belarus. Inadhaniwa kilidondoka kwenye upenyo wa mbao za sakafu. Kidani cha zawadi ya mtoto, kimekaa udongoni zaidi ya miaka 70!

Lakini msiniambie basi udongo unatosha. Matofali hayakwambii kwamba kulikuwa na afisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, anawahutubia watu kwa upole kuwa wanaenda kuoga. Hayakwambii kuwa siku ya maasi naibu kamanda Johann Niemann aliitwa kwenye chumba cha mafundi cherehani ajaribu koti, akapigwa shoka. Hayo tunayajua kwa sababu waliokuwepo walifungua midomo, wengine wakaenda mpaka mahakamani Hagen, Ujerumani, miaka ya 1960 kubanwa maswali na mawakili wa waliowatesa.

Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Hapo Rwanda, mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari, yalifukuliwa makaburi ya halaiki wilaya ya Gasabo, mengine chini ya nyumba za watu, maelfu ya miili, na mahakama za gacaca, zile za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo, zilikuwa zimeshafungwa tangu 2012. Manusura walikuwa wanawatafuta ndugu zao miaka yote hiyo na majirani waliokuwa wanajua wamenyamaza. Manusura wangelijua hilo shimo vipi, wakati siku ile walikuwa wamejificha kwenye mabwawa na mashamba ya mtama? Anayejua mahali aseme sasa, watu wazike ndugu zao.