Wapiga zeze wa Ugogo nao walipwe

Watu wengi nyumbani huniambia nina bahati kuishi London, karibu na muziki mkubwa wa dunia. Sikubaliani nao. Aliyekulia Chamwino, kwetu Ugogo mkoani Dodoma, amekulia ndani ya muziki mkubwa. Tunachozidiwa si kipaji. Wenzetu wa huku walishakubali zamani kwamba watu kukaa pamoja na kufanya mazoezi kila siku ni kazi, na kazi hulipwa.

Mfano wangu ni kwateti ya Amadeus. Kwateti ya nyuzi ina watu wanne tu: fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo, yenye sauti nzito zaidi) na chelo (kubwa zaidi, hupigwa mtu akiwa ameketi), wala hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza. Watatu kati yao, Norbert Brainin, Siegmund Nissel na Peter Schidlof, walikuwa vijana wa Kiyahudi waliokimbia Vienna baada ya Hitler kuitwaa Austria mwaka 1938. Vita vilipoanza, Waingereza waliwatia kizuizini kama raia wa nchi adui, na huko ndiko walikoanza kufahamiana. Walipoachiwa, mwalimu wa fidla Max Rostal aliwafundisha bila kuwatoza ada. Wakampata Martin Lovett, Mwingereza, kwenye chelo. Schidlof naye alikuwa mpiga fidla, lakini kundi lilihitaji viola, basi akahamia viola. Januari 1948 wakapanda jukwaani Wigmore Hall, ukumbi ambao mpaka leo ndio nyumba ya kwateti hapa London.

Hawakubadilisha mtu hata mmoja karibu miaka 40. Schidlof alipofariki mwaka 1987, watatu waliobaki hawakutafuta wa kuziba nafasi yake. Wakaacha.

Hadithi hii hunigusa kwa sababu nami ni mgeni katika nchi hii. Lakini upendo peke yake haungewaweka pamoja muda wote huo. Kulikuwa na maonyesho ya kulipwa, mikataba ya kurekodi, na ajira ya kufundisha Cologne na London. Mtunzi Benjamin Britten aliwaandikia kazi yake ya mwisho ya kwateti, nao wakaipiga mara ya kwanza Desemba 1976, siku chache baada ya yeye kufariki.

Sasa njooni kwetu. Mtazameni mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo: ngoma ameibana mapajani, viganja vinapiga, huku anaimba sauti yake na jirani yake anaimba nyingine, na zote zinaoana. Filimbi ikilia, mdundo mzima unageuka kwa pamoja. Pale Wigmore mwenye fidla ya kwanza huvuta pumzi, akainua upinde kidogo, na wenzake watatu wanaingia naye bila neno. Ujuzi ni ule ule, na sioni sababu ya mmoja kuitwa msanii na mwingine kuitwa burudani ya kumpokea mgeni rasmi.

Ndivyo tunavyowafanya. Nimeona kikundi kikikaa juani tangu asubuhi, kikaitwa kupiga dakika chache, mshereheshaji akawakatisha kwa sababu msafara umefika. Jioni wakapewa soda, fulana na nauli. Mvua zikianza Desemba, kila mtu anarudi kwenye mtama na uwele wake, na kijana mwenye mkono mzuri wa zeze keshapanda basi la Dar es Salaam. Kikundi kinaanza upya mwaka unaofuata.

Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alitoka Dodoma hii hii. Alipata nafasi katika kundi la taifa, kisha Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa, na dunia ikamsikia. Kilichobadilika ni kwamba zeze na marimba vilikuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Inaniuma kwamba ilibidi aihame Dodoma ili aipate kazi hiyo.

Sisemi huku kila kitu ni bora. Wigmore watu hukaa kimya, hata kikohozi wanakizuia, na mtoto mgongoni mwa mama humkuti. Kwetu mtoto anaingiwa na mdundo kabla hajajua kutembea. Hilo siwezi kuliacha kwa ukumbi wowote.

Serikali imehamia Dodoma, hoteli zimeota na mikutano haiishi. Wenye hoteli hizo na kumbi za mikutano waingie mkataba wa mwaka na kikundi kimoja, wakilipia na siku za mazoezi. Nasi wa ughaibuni, tunaochangia harusi kila mwezi kwa simu, tuanze na kidogo: tulipie vibarua wa palizi katika mashamba ya wanakikundi, Januari mpaka Machi, ili mazoezi yasisimame. Nimeshazungumza na ndugu zangu wawili wa Chamwino walioko huku, wamekubali. Anayetaka kuungana nasi aniandikie.