Tairi Lilifika Kiboriloni Kabla Yangu

Jamani, najua ile sauti inayosimulia ajali yangu ya baiskeli imewafikia. Jamaa anacheka mpaka anapaliwa, nyuma yake honi za bodaboda. Huyo ni rafiki yangu kabisa, tumekula naye kiti moto sahani moja, na tangu juzi amejiteua kuwa Msemaji Mkuu wa ajali yangu. Anasema nilikuwa naringishia wadada. Anasema niligonga mbuzi. Anasema nililia. Mbuzi hakuwepo. Hayo mengine tutayafikia.

Mnaonifuata hapa mnamjua mnyama wangu, baiskeli ya ringi 26, na mnajua shokapu yake ya mbele, ile miguu miwili inayoshika tairi na kumeza mashimo, ilishajifia. Ukiikandamiza inazama, kurudi ni mpaka uibembeleze. Mpya ya maana niliulizia bei, nikamshukuru muuzaji, nikamuulizia na familia yake, nikatoka. Nikaenda kwa muuza mitumba ya baiskeli, Mbuyuni, hapa Moshi.

"Mangi, hii imepanda mlima," akaniambia, kaishika kwa mikono miwili. Eti imetoka kwenye baiskeli ya mtalii, wale wanaopandisha Kilimanjaro kwa njia ya Kilema. Nikamuuliza ilifika mita ngapi. "Zote. 5,895."

Kwanza alinipa nyingine nzuri zaidi, nyeusi tii, ila shingo yake, lile bomba la juu linaloingia kwenye fremu, chini imenenepa mpaka inchi moja na nusu. Fremu yangu inakula shingo nyembamba, iliyonyooka, milimita 28.6 juu mpaka chini, kwa hiyo ile haiingii hata uiombee. Hii ya mlimani shingo ilikuwa yenyewe, na urefu haukukatwa. Tukaanzia 50,000, tukashikana mikono kwenye 35,000.

Ilikuwa na kasoro mbili tu. Ya kwanza, ni ya breki za diski. Baiskeli yangu inatumia vibreki (V-brake, zile za kubana ringi), na shokapu haina masikio ya kufungia vibreki. Basi breki ya mbele ikavuliwa, waya wake nikaufunga kwenye usukani na kipande cha tyubu, nikajiambia ya nyuma inatosha. Shikilieni hapo kwenye kipande cha tyubu.

Ya pili, bomba la kushoto, lile la kung'aa, lilikuwa na mchubuko unaokwamisha ukucha. Mchubuko wa namna hiyo unakula sili, ule mpira unaozuia oili, na oili inatoka. Dawa ya wasio na hela ni rangi ya kucha: unajaza tone, linakauka, unajaza tena, halafu unapitisha msasa laini wenye maji mpaka ukucha uteleze. Inafanya kazi, msicheke. Ila nyumbani rangi iliyokuwepo ni nyekundu. Dada akanikuta nimepiga magoti uani na kichupa chake. "Wewe kaka, hiyo rangi yangu unampaka nani?" Nikamwambia shokapu. Aliniangalia muda mrefu sana.

Nikampelekea fundi aifungue, aweke sili na oili. Anatumia ile ya shokapu za pikipiki, na ni sawa kabisa. Bei 15,000. Nikampa 10,000, nikamwambia iliyobaki jioni. Niliporudi hakuwepo, kaenda kunywa chai. Baiskeli imesimama kwenye mti, kijana wake anasema, "Naona iko tayari, mjomba." Hiyo "naona" mimi sikuisikia. Nikapanda, nikaondoka, nikashika njia ya Kiboriloni ambako Msemaji ananisubiri tuijaribu.

Njiani simu ikaita. Fundi. Nikakata. Ikaita tena, nikakata tena. Sasa wewe unayenicheka, niambie ukweli: fundi anayekudai elfu tano anapiga simu, utapokea? Ikaingia meseji. Nikasema huyu naye, elfu tano tu anaandika na barua.

Na shokapu ilikuwa tamu! Kwenye mawe inameza, kwenye mashimo inameza. Nilikuwa natafuta mashimo kusudi.

Kiboriloni ilikuwa gulio. Pembeni ya soko, kwenye njia ya vumbi, kuna tuta la udongo. Mbele ya tuta kuna mama mtu mzima kakaa na ndizi mshare zake, jirani yake kuna matenga ya nyanya. Wadada wawili walikuwepo, lakini hawahusiki. Msemaji amesimama na muwa mdomoni. Nikaamua tuta hili sitalipanda, nitaliruka.

Nikasimama kwenye pedeli, nikavuta usukani juu. Usukani ukaja. Ukaja vizuri. Mwepesi ajabu. Kichwani nikajisemea, kumbe spea iliyopanda mlima ndivyo inavyokuwa. Nikatazama chini nifaidi.

Nikaona mabomba mawili yanachomoka. Ule mstari mwekundu wa rangi ya kucha ukapita mbele ya macho yangu wote, ukaisha, na bado bomba linaendelea kutoka, sehemu ambazo mimi na fundi tu ndio tuliwahi kuziona. Ikafuata oili, matone machache, yakanirukia kwenye shati. Halafu nikaliona tairi langu. Lilikuwa linaendelea na safari.

Nawaapia, halikuyumba. Miguu ya chini ya shokapu imelala nyuma yake inaburuzika kama mikono ya toroli lisilo na mtu, na lenyewe linakwenda. Likapanda tuta. Likaruka kidogo. Likatua upande wa pili. Kila nilichotaka kukifanya mimi, lilikifanya lenyewe.

Mimi bado niko hewani, na baiskeli yenye tairi la nyuma na mabomba mawili matupu mbele. Mtu akiwa kwenye hali hiyo anafanya nini? Nikakamata breki ya mbele. Kwa nguvu zangu zote. Wale mlioshikilia kipande cha tyubu, sasa mnaweza kukiachia.

Mabomba yakatua kwenye tuta, yakazama kwenye udongo, yakasimama wima. Baiskeli nayo ikasimama. Mimi sikushirikishwa kwenye uamuzi wa kusimama. Nikapita juu ya usukani polepole, nikawa na muda wa kumwona Msemaji akitoa muwa mdomoni, na nikatua kwa mgongo ndani ya tenga la nyanya. Zilikuwa zimeiva.

Soko likanyamaza. Tairi likafika kwa yule mama wa ndizi, likamgusa kiatu, likalala. Akalitazama. Akanitazama.

"Mwanangu, hili tairi ni la kwako?"

Nimelala chali, miguu juu, nyanya imeingia sikioni, na malezi yakanishinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeumia?"

"Hapana mama."

"Mwenye nyanya ameumia," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Kuhusu kulia: kamulia nyanya machoni halafu uje tuongee. Na wale wanaosema nilitapakaa damu, ni nyanya hiyo hiyo.

Yaliyofuata ni mafupi. Nyanya 18,000, Msemaji akanilipia, ndiyo maana anaona ajali ni mali yake. Goti limechubuka. Wadada wakanipa maji ya kunawa huku wamegeuza nyuso, mabega yanatikisika. Kioo cha simu kimepasuka, ila meseji ya fundi ilisomeka:

"Bos usinyanyue mbele boliti zako ziko huku"

Kwa ambao hamjawahi kufungua shokapu: ukiigeuza, chini ya miguu kuna boliti mbili, moja kila upande, za kufungua na alenki (Allen key). Hizo ndizo zinazoshika miguu ya chini isichomoke kwenye mabomba ya juu. Ukikalia baiskeli, uzito wako wenyewe unashindilia miguu na mabomba pamoja, hutajua kama boliti hazipo. Sili mpya na grisi zinasaidia kushika kidogo, nazo zilivumilia zilivyoweza. Utajua siku ya kunyanyua. Siku nzima tulikuwa tunakagua juu, mchubuko, rangi, ukucha unateleza au hautelezi. Chini hakuna aliyeinama.

Nikarudi kwa fundi, baiskeli begani, tairi kwenye bodaboda ya nyuma yangu. Boliti zangu zilikuwa kwenye kopo la Blue Band, zimesafishwa, zinang'aa. "Nimekupigia wewe!" akasema. "Unakata tu!" Nikampa elfu tano yake pale pale bila neno. Akaihesabu, akaweka mfukoni, akachukua alenki.

Kufunga boliti, kaniambia, ni elfu mbili. Ile ilikuwa ya kufungua.