Nishati inageuka kuwa maada, ila hesabu yake ni kubwa

Ndugu uliyeandika hapo juu kwamba nishati haiwezi kuwa maada, inawezekana. Fotoni ya gama (chembe ya mwanga wenye nishati kubwa sana) yenye MeV 1.022 au zaidi (MeV ni elektronivolti milioni moja, kipimo cha nishati), ikipita karibu na kiini cha atomu nzito kama ya madini ya risasi, inaweza kuzaa elektroni na positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Peke yake kwenye ombwe haizai kitu. Lazima kiini kipokee sehemu ya momenta, yaani msukumo wa mwendo wake. Kasheshe ni positroni: ikikutana na elektroni, zote hutoweka na kuacha gama, kwa kawaida fotoni mbili za keV 511 (elektronivolti elfu 511) kila moja.

Halafu umeme wake sasa! Kutengeneza gramu moja tu ya maada, haifiki hata punje nzima ya korosho iliyobanguliwa, kunataka uniti milioni 25. Mtambo wa gesi wa megawati 20 hapa Mtwara ungenguruma siku 52 mfululizo, tena tukijifanya hakuna kinachopotea.