Setilaiti ya Makombora Nayo Hupita Juu ya Ngomeni

Juzi nilikuwa barazani baada ya sala ya magharibi, mazungumzo yakaangukia zile setilaiti sita zilizorushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 14 Februari 2024, mbili kati yake zikiwa za idara ya Marekani inayoshughulikia kinga dhidi ya makombora, zilizokusudiwa kujaribu kama kombora linalokwenda kwa kasi kubwa na kupindapinda njiani laweza kufuatwa kutoka juu bila kupotezwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alitikisa kichwa, akasema, "Hayo ni ya wakubwa na vita vyao, mwanangu. Sisi hayatuhusu." Kwa adabu niliitikia, "Ndiyo, mzee," kisha nikarudi nyumbani sina raha, na neno lile halijanitoka mpaka leo.

Yanatuhusu. Setilaiti yoyote inayoizunguka dunia kwa karibu, irushwe kutoka wapi na iwe ya nani, haina budi kuifikia ikweta katika kila mzunguko wake, na kwa kuwa dunia nayo inajizungusha chini yake, hakuna taifa la ukanda wetu ambalo halipitiwi. Hata hivyo, linaloniuma zaidi ni yale ambayo vyombo hivi huyaona, na swali la nani anaruhusiwa kuyajua.

Tarehe 24 Aprili 1996, roketi ya Delta II iliondoka Vandenberg, California, ikiwa imebeba setilaiti iitwayo MSX, iliyogharimiwa na idara hiyo hiyo wakati ikiwa na jina jingine. Kazi yake ilikuwa kulichunguza kombora likiwa katikati ya safari, injini zikiwa zimezimika na kichwa chake kikielea katika utupu, na hapo ndipo penye ugumu mkubwa wa kujikinga. Katika utupu hakuna hewa ya kukizuia kitu chepesi, kwa hiyo puto jembamba lililoachiwa pamoja na kichwa hicho huenda nacho sambamba, kwa kasi ile ile, na anayetazama kwa mbali hawezi kutambua kipi kimebeba maangamizi na kipi kimetumwa kumhadaa. Kinachobaki ni joto, kwa kuwa kila kitu hupoa kwa namna yake, na joto hilo hafifu huonekana katika mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Darubini yenye joto lake yenyewe isingeweza kuliona, ndiyo maana ile ya MSX ilipozwa kwa haidrojeni iliyogandishwa, hadi zaidi ya nyuzi 250 chini ya sifuri. Hata hapo, nukta inayomeremeta gizani yaweza kuwa kichwa cha kombora, na yaweza kuwa nyota. Anayetaka kukijua kichwa cha kombora ni lazima kwanza azijue nyota.

Basi walizisoma nyota. Kwa miezi kumi, mpaka haidrojeni ilipokwisha Februari 1997, MSX iliupiga picha ukanda wa Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, kwa undani ambao setilaiti ya IRAS ya mwaka 1983 haikuufikia, na ikayaziba mapengo ambayo IRAS iliyaacha. Orodha iliyotokana na kazi hiyo ina vyanzo zaidi ya 400,000 vya mwanga wa infraredi. Yalionekana pia maelfu ya mawingu ya vumbi baridi, meusi hata katika mwanga huo, ambamo baadhi ya nyota kubwa huanza kuumbika. Kisha likafanyika jambo ninaloliheshimu kuliko urushaji wenyewe: data hizo zilitolewa kwa watu wote. Zimo mtandaoni hadi sasa, na mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu aweza kuzipakua usiku huu bila kulipa senti wala kuomba ruhusa ya jeshi lolote.

Huo ndio utaratibu ninaoudai kwa setilaiti za sasa, na naudai kwa moyo wangu wote. Hasara ya kufunga mlango tumekwisha kuiona. Setilaiti za kijeshi zinazochunga makombora huviona pia vimondo vikiungua angani, na kwa miaka mingi wanasayansi walikuwa wakipewa habari zake. Mwaka 2009 habari hizo zilikatwa, zikarudi kwa makubaliano ya mwaka 2013, mwaka ule ule ambao kimondo kilipasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, na kuwajeruhi watu zaidi ya elfu moja. Jiwe linaloshuka kutoka angani halimwulizi mtu uraia wake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba vipimo vya makombora yenyewe haviwezi kuanikwa, maana anayejua unachokiona atajua pia namna ya kujificha. Lakini vipimo vya nyota, vya vumbi na vya ukingo wa angahewa ya dunia havimpi adui silaha yoyote, na vikicheleweshwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kutolewa, nani atadhurika? Wapo pia wanaosema kwamba kinga hizi huwasukuma wapinzani waunde makombora mengi zaidi. Nadhani wanasema kweli, na hoja yao inastahili makala yake.

Nilipokuwa mdogo, ami yangu alinipeleka Ngomeni, pwani ya Kenya, akanionyesha majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi yaliyosimama katika Ghuba ya Ungwana. Kutoka huko, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikusanya orodha ya vyanzo 339, ikachapishwa, na dunia nzima ikaisoma. Ami alilitamka jina lile polepole, kama mtu anayemtaja mwanawe aliyefika mbali.

Ijumaa ijayo nitarudi barazani na picha ya Njia Nyeupe iliyotengenezwa kwa data za MSX, niikunjue mbele ya yule mzee, nimwonyeshe yale mawingu meusi, na nimweleze walikuwa wakitafuta nini walipoyaona.