Tusifukize udi juu ya thina

Wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yangu, hapa mtaani Mkomani, Lamu, fundi alipiga vanishi viti viwili vya enzi vya shangazi, vile vya mbao vya kukalia wageni wa heshima. Nje kulikuwa na manyunyu, akavitia chumba cha ndani na kufunga mlango vumbi lisiingie. Magharibi shangazi akaingia na chetezo, makaa mekundu na udi juu yake, akakiweka chini baina ya viti. Hatua mbili pembeni, kopo la thina ya kuzimulia vanishi li wazi, brashi zimelowekwa humo.

"Shangazi, kitoe hicho!"

"Mwanangu, nyumba yanuka. Wageni waje wakute uvundo?"

Nikakinyanyua mwenyewe mpaka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Alininunia hadi baada ya isha.

Sisi watu wa Lamu harufu ikifunikwa twaona imekwisha. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa: haupandi kama moshi, hutambaa sakafuni, pale pale kinapokaa chetezo. Si lazima cheche iangukie kopo; mvuke waweza kuufuata moto ulipo, kisha moto ukarudi nao. Na pua nayo ni shahidi mbaya, ukikaa humo kitambo huisikii tena harufu. Fundi wetu kichwa kilimuuma na kizunguzungu kikamshika tangu adhuhuri, akasingizia njaa. Alijifunga kitambaa puani, ambacho huzuia vumbi la msasa tu.

Wazee waliojenga nyumba hizi za mawe walipandisha jiko juu, moshi uende zake na upepo. Vyumba vya ndani havina hata dirisha. Kwa hivyo mimi nasema kazi ya vanishi ni ya kiwandani au juu ya dari palipo wazi, na mvua ikinyesha, ingoje. Na fundi anayetumia petroli badala ya thina kwa kuwa ni ya bei rahisi, kwangu havuki daka, kibaraza cha mlangoni. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu.

Lililoniudhi zaidi ni thina iliyobaki: imetiwa chupa ya maji ya kunywa, ikawekwa kando ya mtungi, na nyumba ina watoto wanne. Mtoto akiimeza asitapishwe, maana ikirudi huweza kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Mvua ilipokatika, viti vilimalizia kukauka kiwandani. Mkono wa kimoja umeshika vumbi kidogo. Shangazi hunionyesha kila nikienda.