Taa ya ABS na VSC Isizimwe kwa Kung'oa Balbu

Mtu anayekwenda kununua SUV iliyotumika, iwe Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi, akiona taa ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, inawaka kwenye dashibodi ataambiwa haraka kwamba hiyo ni sensa tu, gari halina shida na breki zinakamata vizuri. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inawatuliza watu. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida huendelea kufanya kazi, na dereva anayetembea taratibu mjini anaweza kupitisha miezi bila kuona tofauti yoyote. Lakini kwa gari la juu lenye umri wa miaka kumi na tano au zaidi, linalobeba watoto, bibi yao na mizigo kwenye keria, taa hiyo inatangaza kwamba kinga iliyobuniwa kuzuia gari la aina hiyo lisiserereke na kupinduka imejiondoa kazini. Maoni yangu ni kwamba taa ya ABS, au ya VSC ambao ni mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, ihesabiwe kuwa ni ubovu wa breki, chanzo chake kitafutwe kwa vipimo, na isiwe jambo la kusamehewa wakati wa kuuza, kununua wala kukagua gari.

Ili kuelewa kinachopotea, inafaa kukumbuka mfumo huu unafanya nini. ABS, ambayo Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza kwenye magari ya S-Class mwaka 1978, huzuia magurudumu yasifunge pale dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, ili usukani uendelee kutii. Mwaka 1995 kampuni hizo ziliongeza juu yake mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari, ambao Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, na Mitsubishi ASC. Kompyuta yake hulinganisha mahali dereva anapoelekeza usukani na mahali gari linapokwenda kweli, ikitumia sensa za mwendo za magurudumu manne, sensa ya pembe ya usukani na sensa inayohisi gari likijizungusha. Ikiona gari linaacha njia, hufunga breki ya gurudumu moja linalofaa na kupunguza nguvu ya injini, mara nyingi kabla dereva mwenyewe hajatambua kwamba ameanza kuserereka. Mwaka 1997 Mercedes-Benz A-Class, gari fupi lenye kimo kirefu, lilipinduka nchini Sweden kwenye jaribio la kukwepa kizuizi ghafla, na kampuni ikaamua kuuweka mfumo huo kwenye kila A-Class.

Magari ya juu ndiyo yaliyofaidika zaidi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipotunga kanuni ya kuulazimisha mfumo huu mwaka 2007, ilikadiria kwamba ungepunguza ajali za gari moja kwa asilimia 34 kwa magari madogo na kwa asilimia 59 kwa SUV. Tofauti hiyo inatokana na umbo lenyewe. Uzito wa SUV umekaa juu, na likishaanza kwenda upande kisha tairi zikakutana na ukingo wa lami au udongo laini, hupinduka kwa urahisi kuliko gari la chini. Kwa hiyo mzazi aliyechagua gari la juu akiamini kwamba ni salama zaidi, kisha akaendesha huku mfumo umezimika, amebaki na kimo bila kinga iliyopaswa kuandamana nacho.

Sasa tuje kwenye magari yetu yenyewe. Kwenye SUV za Japani zilizotengenezwa miaka ya 2000, chanzo kinachojulikana sana ni sensa ya mwendo wa gurudumu au waya wake, kwa sababu sehemu hiyo inakaa kwenye matope, maji na kokoto, na waya hukunjwa kila usukani unapokatwa. Hata hivyo, sensa hulaumiwa mara nyingi kwa makosa yasiyo yake. Magari mengi ya kipindi hicho yana beringi yenye ukanda wa sumaku upande mmoja, na sensa husoma mwendo kutoka kwenye ukanda huo. Fundi akiingiza beringi mpya kinyume, gurudumu litazunguka vizuri bila kelele yoyote, lakini sensa haitasoma kitu, na mwenye gari atauziwa sensa ya pili na ya tatu bila taa kuzimika. Beringi iliyolegea nayo hubadilisha nafasi kati ya sensa na ukanda huo, hivyo taa huwaka kwenye mashimo na kuzimika kwenye lami, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba tatizo limejiondokea lenyewe.

Tairi zisizolingana ni chanzo kingine ambacho hupewa uzito mdogo. Mtu akifunga tairi mbili mpya mbele na kuacha mbili zilizoisha nyuma, au akachanganya saizi kwa sababu duka lilikuwa na moja tu ya saizi sahihi, magurudumu yatazunguka kwa mwendo tofauti hata barabara ikiwa imenyooka, na kompyuta inaweza kuichukulia tofauti hiyo kuwa ni kuteleza. Alaimenti ikifanywa na usukani ukaachwa umepinda, sensa ya pembe ya usukani itaripoti kona ambayo haipo. Vilevile, baada ya kubadilisha baadhi ya sehemu za mfumo, Toyota nyingi huhitaji sensa zifundishwe upya sifuri yake, yaani mahali pa kuanzia kupimia, gari likiwa limesimama mahali tambarare kabisa. Kazi hiyo ikifanyika kwenye gereji yenye ardhi iliyoinama, gari litaondoka likiwa limefundishwa kosa.

Kuna pia jambo linalowachanganya wenye magari kuliko yote. Kwenye Toyota nyingi za kipindi hicho, kompyuta ya injini ikigundua hitilafu, kwa mfano kwenye sensa ya oksijeni au koili ya plagi, taa ya injini huwaka na VSC nayo hujizima, kwa kuwa mfumo huo unahitaji injini inayotii amri ya kupunguza nguvu. Mwenye gari anaona taa ya VSC, anakwenda kwa fundi wa breki, anabadilishiwa pedi na diski zilizokuwa bado nzima, na anarudi nyumbani na taa ileile.

Kwa sababu hiyo nasisitiza vipimo kabla ya kununua spea. Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyochomekwa chini ya usukani kwa kawaida husoma kompyuta ya injini pekee, na fundi anayesema kwamba gari limepimwa na halina kosa huenda hajagusa kompyuta ya breki kabisa. Kinachohitajika ni mashine inayoingia kwenye ABS, kusoma kosa lililoandikwa humo, kisha kuonyesha mwendo wa kila gurudumu gari likitembea polepole. Magurudumu matatu yakionyesha kilomita 20 kwa saa na la nne likionyesha sifuri, sehemu kubwa ya kubahatisha imekwisha. Mafundi wetu wengi wana uwezo wa kazi hii, ila sisi wateja tumewazoeza vibaya. Tunamlipa bila kinyongo anayebadilisha vitu vitatu kwa kubahatisha, lakini anayetoza fedha kwa kupima tu tunamwona anatuibia, ilhali kupima ndiko kunakohitaji maarifa zaidi.

Lazima pia kutenganisha taa ya njano na taa nyekundu ya breki. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, hali ni nyingine kabisa. Inawezekana mafuta ya breki yamepungua, au mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma umepotea, kiasi kwamba magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kwanza na kulizungusha gari. Kwenye baadhi ya magari makubwa, kama Prado ya toleo la 120 lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, nguvu ya kusaidia mguu wa dereva hutolewa na pampu ya umeme badala ya busta ya kawaida. Pampu hiyo ikichoka, mlio husikika, taa kadhaa huwaka kwa pamoja na kanyagio huwa gumu. Gari la namna hiyo halipaswi kuendeshwa hata hadi gereji ya jirani. Livutwe au fundi aitwe lilipo. Bei ya spea hiyo ni kubwa, najua, na ndiyo sababu wengine hufunga pampu ya mtumba isiyojulikana imetoka wapi. Kwenye kifaa hiki hasa, nashauri mtu auze kitu kingine kuliko kubahatisha.

Mafuta ya breki yanastahili maneno zaidi kuliko yanayopewa. Mafuta haya hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita. Kwa kiwango cha DOT 3, yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga, Iringa, na gari lililojaa abiria, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, anaweza kuyafikisha mafuta ya zamani kwenye kuchemka, yakatoa mvuke, na kanyagio likazama bila gari kupunguza mwendo. Unyevu huohuo hula vali ndogo zilizo ndani ya kitengo cha ABS, ambacho kukibadilisha hugharimu mara nyingi zaidi ya kopo la mafuta. Watengenezaji wengi hushauri mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, lakini magari mengi hapa huongezewa tu pale yanapopungua, bila mtu kujiuliza yamekwenda wapi.

Wapo madereva wanaong'oa fyuzi ya ABS kwa makusudi, wakidai kwamba kwenye changarawe gari husimama haraka zaidi magurudumu yakifunga. Dai hilo lina msingi, kwa kuwa tairi iliyofunga hukusanya changarawe mbele yake na ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Lakini gari lililofunga magurudumu halikati kona, na mtoto au ng'ombe anapoingia barabarani ghafla, uwezo wa kukwepa una thamani kuliko mita chache za kusimama. Anayekwama kwenye tope ana sababu nzuri ya kubonyeza kitufe cha kuzima VSC kwa muda, maana kimewekwa kwa hali kama hiyo. Kung'oa fyuzi ni uamuzi wa kudumu unaomfuata hata dereva mwingine asiyejua kilichofanyika.

Kubaya zaidi ni kung'oa balbu au kuunganisha taa ya ABS na taa nyingine ili iwake na kuzimika pamoja nayo. Huo ni udanganyifu, na unahatarisha maisha ya mnunuzi na familia yake. Mnunuzi anaweza kuubaini kwa urahisi. Awashe swichi bila kuwasha injini, na ahakikishe kwamba taa za ABS, VSC, mto wa hewa na injini zote zinawaka. Baada ya kuwasha injini zizimike, kila moja kwa wakati wake. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko ile inayobaki inawaka. Lakini aangalie kwanza kama gari hilo lilitoka kiwandani na VSC, kwa kuwa kwenye SUV nyingi za soko la Japani za miaka hiyo mfumo huo ulikuwa nyongeza ya kulipia, na magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana.

Zaidi ya ubovu wa umri, kuna kasoro za kiwandani. Aprili 2010 jarida la Consumer Reports la Marekani liliwashauri wasomaji wasinunue Lexus GX 460 ya mwaka huo, gari la kampuni ya Toyota, baada ya majaribio kuonyesha kwamba dereva akiachia kanyagio la mafuta ghafla kwenye kona, nyuma ya gari huserereka sana kabla ya mfumo wa uthabiti kuingilia kati. Toyota ilisimamisha mauzo na kuyaita magari takribani 9,400 nchini humo ili yabadilishiwe programu. Gari hilo limejengwa kwenye msingi mmoja na Prado 150. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita magari takribani milioni 3.4 nchini Marekani, zikiwemo Santa Fe, kwa sababu kitengo cha ABS kingeweza kuvujisha mafuta ndani yake, kusababisha shoti na kuwaka moto, na wenye magari wakaambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba.

Wito wa namna hiyo hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa katika nchi gari lilikouzwa, na gari likishavuka bahari, barua hiyo haina anwani ya kufikia. Kenya inakataza kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake, lakini umri hausemi kama matengenezo ya kiwandani yalifanyika. Namba ya chesisi inasema, kwa kuwa kampuni kubwa za Japani zina kurasa ambapo mtu huingiza namba hiyo na kuona kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Wakala anayeagiza gari kwa niaba ya mteja angeweza kufanya hivyo kwa dakika chache na kuambatanisha jibu pamoja na cheti cha ukaguzi, gari likiwa bado Japani ambako matengenezo hayo hufanyika bila malipo.